Vipande Kumi na Kimoja vya Kitenge cha Mama

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi. Wiki nzima mlima haujatoa hata pua, na hapa Majengo watu wamevaa masweta mpaka saa sita mchana.

Nimetoka kanisani moja kwa moja hadi intaneti kafe. Ninyi wachache mnaofuatilia blanketi langu la viraka mmezoea niwaambie limefika wapi. Leo naandika aibu.

Blanketi lilikuwa la mama. Miaka miwili iliyopita alilalamika kwamba baridi ya Marangu inamwingia magotini, nikamwambia nitamshonea zito: vipande juu, vipande chini, katikati blanketi kuukuu. Akacheka, akasema atalisubiri.

Akalisubiri kweli. Mimi nilikuwa na madaftari ya darasa la nne ya kusahihisha, mtoto mwenye kifua kisichopona, mgao wa umeme, na bomba linalotoa maji alfajiri tu. Nilishona robo saa maharage yakichemka, robo nyingine mtoto akilala. Kuna miezi sikushika sindano kabisa. Mama akaugua, akalazwa hospitali ya Mawenzi, akarudishwa nyumbani, akafariki mwezi wa sita akiwa amefunikwa blanketi la wifi yangu.

Blanketi la wifi, si langu.

Wifi huyu ni mke wa kaka yangu. Ndiye aliyeishi na mama. Alimwogesha, akamgeuza kitandani, akampikia mtori wa ndizi na kumlisha kwa kijiko kwa miezi minane. Mimi, mtoto wa pekee wa kike, nilikuwa napanda Jumapili na kilo ya sukari na maneno mengi.

Tulipomzika, shule ikanipa ruhusa ya siku saba. Na hapo, Mungu anisamehe, nikapata muda. Muda ule ule niliokuwa nasema sina. Nilishona asubuhi hadi jioni kama mtu anayefukuzwa, na nilipofika katikati ya blanketi nikaona panataka kitu cha mama mwenyewe.

Kwetu nguo za marehemu haziguswi mpaka ndugu wakae na wakubwa wazigawe. Najua hilo tangu utoto. Lakini juzi, siku ya mwisho ya ruhusa, nilipanda Marangu, nikamkuta wifi amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Nikachukua ufunguo msumarini, nikafungua sanduku la mama, nikatoa kitenge cha zambarau chenye ndege wa njano. Nikajiambia cha mama ni changu. Nikakikata siku hiyo hiyo, vipande kumi na kimoja, nisije nikabadili mawazo.

Za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika hata mbili.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kugawa. Nguo zilitandazwa kwenye mkeka uani. Mama mdogo Aikaeli, ndugu pekee wa mama aliyebaki, alizipitia moja moja, kisha akauliza, "Cha zambarau kiko wapi? Dada alisema hicho ni changu."

Kumbe yeye na mama walikuwa wamenunua vitenge vya sare kwa ajili ya kipaimara changu. Chake kilishachakaa, cha mama kikatunzwa.

Watu wakaanza kutafuta. Nami nikatafuta pamoja nao. Niliinua hata magodoro.

"Ufunguo wa sanduku alikuwa nao nani?" mama mdogo akauliza.

"Mimi," wifi akajibu.

Hakuna aliyetamka neno mwizi. Mama mdogo alisema tu, "Haya, tumeona," akaendelea kugawa. Kila mwanamke akapata chake. Wifi alirukwa. Hakupewa hata kitambaa cha kichwa cha mtu aliyemwogesha miezi minane. Kaka yangu akawa anaangalia viatu vyake.

Nami nikanyamaza. Nilisubiri mtu aanzishe mazungumzo mengine, na yalipoanza nikashukuru.

Jioni wifi alinisindikiza hadi barabarani, mkungu wa ndizi kichwani, kama afanyavyo siku zote. Mimi nikawa natafuta la kusema kuhusu hali ya hewa. Akatua mkungu chini, akasema taratibu bila kuniangalia, "Wifi, kile kitenge usikikate vidogo vidogo sana. Mama alikuwa anawapenda wale ndege."

Alijua.

Siku ile aliniona, sijui akiwa upande gani wa migomba. Jana alisimama kando ya mkeka akijua, akasema "mimi", akaishia hapo. Sijui kama alikuwa ananionea huruma au ananipa nafasi ya kusema mwenyewe. Vyovyote vile, nafasi nilikuwa nayo na nikaiacha ipite.

Leo sikusikia neno hata moja la mahubiri. Nilijaribu kujituliza kwamba ni kitenge tu, yatasahaulika. Hayatasahaulika. Nawajua watu wetu. Kufikia siku ya soko habari itakuwa imeshavuka vihamba vyote, haya mashamba yetu ya migomba, na watoto wake wataisikia shuleni. Maji yakimwagika hayazoleki, na kitenge kilichokatwa hakirudi. Jina lake bado linaweza kurudi, nikiwahi.

Nimemwomba mwalimu mkuu ruhusa pale nje ya kanisa. Naandika haya hapa ili kesho nisijifanye nimepata dharura.

Kesho sishoni. Vipande vinne nilivyokuwa nimeshaviunga nimevifumua, na nitapanda navyo vyote kumi na kimoja. Nitachuma jani la sale mpakani mwa kihamba, nimpelekee mama mdogo mbele ya wale wale waliokuwepo jana, na nitasema ni mimi kabla sijakaribishwa kiti. Kwetu ukipelekewa sale na aliyekukosea, huwezi kukataa kumsamehe, hata kama moyo wako hautaki.

Ndiyo maana kwa wifi nitakwenda mikono mitupu. Yeye akitaka kukataa, akatae.