Mguu wa Kushoto Hauna Kazi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekohoa mara mbili kabla ya kutoka chumbani, kama kila asubuhi. Ndoo ikatua chini, kanga ikapita nyuma ya jiko, ua ukawa wangu. Miaka tisa Atupele ameolewa na mwanangu Lusajo, tunakaa ua mmoja hapa Ipyana, na sura yake siijui vizuri. Ndiyo mila yetu. Mkamwana hakutani na baba mkwe, hasemi naye, hatamki jina lake. Wengine wameacha. Kwangu haijaachwa.

Ambakisye kapiga simu. Tuliendesha malori pamoja zamani, sasa ana yadi ya magari Mbeya. Zimeingia gari mbili za spoti kutoka Japani, za aina moja, mwaka mmoja. Nyekundu ni ya manyuo, gia za mkono. Ya kijivu ni ya klachi mbili. Nichague moja, nyingine ina mtu tayari.

Lori nililiuza kwa ajili ya siku hii. Nilijiahidi nikiwa bado tingo, msaidizi wa dereva: nikishuka kwenye lori kwa mara ya mwisho, napanda gari la chini, la kukimbia, langu.

Nimesema manyuo. Mama Lusajo akasema ile ya kijivu itanifaa zaidi. Kwa nini? Akamimina chai. Nimekasirika mpaka chai imepoa.

Jumanne, 5 Agosti

Ambakisye tena. Ananifundisha gari, mimi. Eti giaboksi ile ina klachi mbili ndani. Moja imeshika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Ya pili imeshika zilizobaki. Ukiwa kwenye tatu, ya nne imeshajipanga inangoja. Unabonyeza kibawa nyuma ya usukani na imeshaingia. Pedeli ya klachi haipo kabisa.

"Mguu wa kushoto hauna kazi, kaka," akasema, akacheka.

Nimekata simu. Miaka thelathini na nne mguu huu umelisha nyumba hii. Umepanda Tukuyu na mzigo wa mchele usiku wa mvua, umeshuka na mbolea, umevuka mpaka kwenda Karonga mara zisizo na idadi. Leo hauna kazi.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimepewa ushauri kupitia ukuta. Mama Lusajo kaja na chakula, kasema: Atupele naye anaona uchukue ya klachi mbili.

Nani kamuuliza? Najua ni dereva. Anaendesha pikapu ya wanunuzi wa kakao, anapanda nayo mpaka vijiji vya juu, na wanamsifu. Sawa. Lakini tangu lini mkamwana akamchagulia mkwe gari?

Nilijibu kwa sauti ya kupita ukuta. Nikasema kuna watu wameshika usukani juzi, tayari walimu. Jikoni nikasikia mwiko ukiendelea kukoroga.

Jumamosi, 9 Agosti

Ambakisye kashuka na ile nyekundu mwenyewe. Kaniachia mpaka Jumatatu.

Nimekwenda Matema. Lami tupu, milima imesimama mbele, mpunga umeshavunwa pande zote. Pili, tatu, nne. Kirungu cha gia kifupi, kinaingia kwa kishindo kidogo ambacho unakisikia mkononi kabla ya sikioni. Kule ufukweni wavuvi waliacha nyavu wakaja kuzunguka gari. Mmoja akauliza kama ni la mwanangu. Nikamwambia mwanangu bado anatafuta lake.

Nimefurahi. Naandika hivyo hivyo. Tangu nimzike baba yangu sijawahi kufurahi namna hii.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada nikapanda barabara ya Tukuyu. Mtu hajui gari mpaka alipeleke mlimani.

Katikati ya mlima lori limekufa, limeziba njia nzima. Foleni. Unasogea hatua mbili, unasimama. Klachi, breki, klachi. Mara ya sita au ya saba mguu ukaanza kutetemeka. Mara ya nane nikakanyaga na sikuhisi kama nimekanyaga. Ukateleza. Injini ikazima na gari likarudi nyuma.

Nimevuta hendibreki. Likasimama. Kwenye kioo nikaona mama muuza ndizi amekumbatia beseni lake, kati yake na bampa pangepita kiganja tu.

"Pole, tata," akaniambia, kama mtu anayemwita baba yake.

Heri angenitukana. Nikamwambia klachi ya gari hili mbovu. Nikarudi nyumbani, nikampigia Ambakisye, nikamwambia vilevile. Nimemsingizia rafiki yangu gari bovu.

Niandike ukweli, humu hakuna anayesoma. Mguu umeanza wakati wa mvua. Ganzi kutoka wayo kupanda juu. Sijamwambia mtu. Nikipita uani natembea kwa hesabu, kulia, kushoto, kulia, ili mwendo uwe sawa.

Jumatatu, 11 Agosti

Ambakisye kalipeleka gari mlimani na kurudi. Klachi nzima, inashika kama mpya. Hakuniuliza kitu. Hicho ndicho kilichoniuma. Kasema anangoja jibu mpaka Jumamosi, akaondoka.

Mama Lusajo akakaa mbele yangu. Akasema tuache michezo, ni mguu. Nikauliza nani kamwambia. Atupele. Na Atupele kaambiwa na nani?

"Hakuambiwa. Anakusikia. Anasema hatua ya kulia inakuja, halafu panakuwa kimya, halafu ya kushoto inaburuza. Tangu mvua."

Miaka tisa yule binti amesikiliza nyayo zangu ili anipishe. Hatazami, anasikiliza. Anajua nikitoka chooni, nikitoka shamba, nikiwa nimekunywa. Na mguu wangu anaujua kuliko mimi. Alinyamaza miezi yote hiyo, kasema sasa kwa sababu ya gari tu. Eti aliogopa nitakwama mlimani.

Nimekasirika kuliko siku zote. Nimevuliwa nguo kwangu mwenyewe, na mtu asiyeruhusiwa hata kunitazama.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefanya jambo la aibu.

Mchana nilivua viatu. Sikukohoa. Nikazunguka nyumba kwa nyuma, polepole kama mwizi wa kuku, pale fundi alipokata mabati ya paa wiki jana. Nilitaka nimfikie bila kusikiwa. Kisha? Sijui. Nimwonyeshe kwamba hajui kila kitu.

Nimemfikia. Alikuwa mlangoni mwa jiko anapepeta mchele. Aliona kivuli tu. Akajitupa chini, uso ardhini, kanga kichwani, ungo ukapinduka na mchele wote mavumbini. Mke wa mwanangu. Mama wa wajukuu zangu. Nimesimama juu yake kama askari.

Yeye ndiye aliyesema kwanza. Hakuniambia mimi, mila haimruhusu. Aliiambia ardhi, sauti imejikunja:

"Mwambieni tata anatoka damu."

Nikatazama chini. Kipande cha bati kimeingia wayo wa kushoto, kimezama. Nyuma yangu alama nyekundu zimenifuata kutoka kona ya nyumba. Sikuhisi. Hatua zote zile na sikuhisi kitu.

Mama Lusajo kanifunga kitambaa. Kasema neno moja tu, kwamba leo nimemvunjia mtoto wa watu heshima. Chakula cha jioni kapika yeye, na hakikuwa cha mkono wa Atupele. Nimekijua kwa chumvi.

Alhamisi, 14 Agosti

Hospitali. Wameshona. Wamepima damu. Sukari, na si ya jana. Daktari alinigusa nyayo kwa kijiti nikiwa nimefumba macho. Kulia nilisema ndiyo kila mara. Kushoto nilingoja aanze, kumbe alishamaliza.

Nimeuliza kuhusu kuendesha. Akasema mguu wa kulia uko salama, kwa sasa, nikishika dawa na chakula. Klachi nisahau. Muuguzi akaongeza lake, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Kwa kawaida ningemjibu. Nilikuwa nimechoka.

Nina hasira na mguu. Na daktari, na chai zangu za sukari vijiko vinne. Lakini na yule binti sina tena, nimetafuta sijaiona.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimempigia Ambakisye. Kwanza nikamwomba radhi kwa kulisingizia gari lake. Halafu nikasema ya kijivu.

Hakucheka. Ningemsikia angecheka.

Nimenunua kuku jike mzuri na doti ya kanga. Mila inataka anayekosea kwa mkwe atoe kitu, hata akiwa mkubwa. Mama Lusajo kavipeleka jikoni. Baada ya muda nikasikia kupitia ukuta, "Ndaga fijo." Asante sana. Aliyeambiwa ni kuku, nadhani.

Jumapili, 24 Agosti

Gari limefika jana. Leo nimekwenda Matema na kurudi.

Ni kweli, gia ya nne inangoja kabla hujaiwaza. Kibawa kimoja kupanda, kingine kushuka. Halikosei, na nimelichukia kidogo kwa hilo. Mguu wa kushoto ulikuwa umelala pembeni. Mara mbili ulijaribu kunyanyuka kutafuta pedeli. Niliuachia.

Nimepaki chini ya mnazi. Ua ulikuwa na jua. Jikoni kulikuwa na sauti ya mchele kwenye ungo. Nikakohoa mara mbili. Kisha nikatembea kwenda mlangoni, na sikuhesabu. Nimeuacha mguu uburuze, kwa sauti yake yote, ili asikie ulivyo leo.

Ungo ukanyamaza mpaka nilipofika kizingitini. Halafu ukaendelea.