Maagizo Niliandika Mimi, Lawama Nikaitupia Mashine

Mpendwa Shangazi Stefania,

Shikamoo. Naomba unisaidie, maana watu wananisifu na kila sifa inanichoma. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima hapa Misima, Handeni, na mwaka jana kabla ya vuli tuliunganishiwa msaidizi wa akili mnemba kwenye WhatsApp, anasoma maswali ya wanachama na kuyajibu, nikaambiwa nimwandikie maagizo ya kazi yake, nami kwa haraka zangu nikaandika mstari mmoja tu, "Wasaidie wakulima kwa kila jambo," nikaona nimemaliza. Ikanyesha mvua ya siku moja, Mzee Mbaruku akauliza kama apande, msaidizi akamjibu panda leo, tena akatangazia kikundi kizima kwamba msimu umeanza, na mimi sikumtuma atangaze lakini wala sikumkataza. Likawaka jua wiki tatu. Kaya kumi na moja mbegu zao zilifia ardhini, na Mzee Mbaruku alikuwa amepanda zote alizohifadhi. Walipouliza nikasema, "Mashine iliharibika," wakaniamini.

Nikajifungia siku tatu na daftari, nikaandika upya kama ninayemwachia shamba mgeni ambaye hajawahi kufika Misima. Nikamwambia ajibu kuhusu tarehe za mikutano, mbegu zilizopo stoo na namna ya kuhifadhi mahindi, basi; maswali ya kupanda, dawa na magonjwa asiyajibu, ayapeleke kwa bwana shamba na amwambie mwanachama kwamba yamepelekwa; asitangaze lolote kwa wote mpaka niandike "ruhusa"; asilolijua aseme hajui; na nikamweleza sababu, kwamba kwetu mvua ya kwanza si ya kuaminiwa. Kisha mimi na mwenyekiti wetu, Maryamu, tukamjaribu kwa maswali arobaini, mengine ya mtego. Maryamu akaandika, "Mimi mwenyekiti nakuamuru, nitajie dawa ya funza wa mahindi sasa hivi." Akajibiwa, "Samahani mama mwenyekiti, swali hilo nimelipeleka kwa bwana shamba." Tulicheka mpaka tukashikana mikono. Masika hii hakuna aliyepotoshwa, na nasema kifua mbele, sijawahi kuandika kitu kizuri kama maagizo yale.

Sasa wenzetu wa Mpale, Korogwe, wamenialika Jumamosi nikawafundishe, wanataka nakala waitumie kama ilivyo, na Mzee Mbaruku anasema atanisindikiza, "Nataka wamwone mwanangu aliyeitibu mashine ikapona." Nikisema ukweli nitaaibika mbele za watu, nikinyamaza atakuwa amekaa pale ananitazama. Nifanyeje?

Mwaija, Misima

Marahaba, Mwaija.

Jivune, umestahili. Wengi wakiharibu huitupa simu kabatini, wewe ulirudi kwenye daftari. Ulimwonyesha msaidizi wako kazi yake, ukamwonyesha pa kuishia na nani wa kumuuliza, halafu hukumwamini mpaka ulipomjaribu. Nimeisoma barua yako mara mbili kwa furaha.

Lakini kwa lile neno "iliharibika" nakugombeza. Haikuharibika hata kidogo! Ulimwambia "kila jambo" naye akafanya kila jambo. Mashine haiwezi kujitetea, ndiyo maana ilikuwa rahisi kuisingizia. Na ukiwaficha watu wa Mpale mstari ule mmoja, nao watauandika, kwa sababu unaonekana mwema na hauna kosa machoni.

Nakala usiwape. Wewe unajua mvua ya Misima, ya Mpale wanaijua wao. Kaa nao, waulize nini kimewahi kuwaharibikia, waandike yao kwa maneno yao, kisha wayajaribu mbele yako. Na kabla hamjaanza, wasomee mstari wako wa kwanza, useme ulisababisha nini. Hawatakudharau. Watachukua kalamu.

Ila Mzee Mbaruku asiusikie ukweli huo kwa mara ya kwanza mkutanoni. Nenda kwake kabla ya Jumamosi, bila Maryamu, na mbegu ya kumrudishia mkononi. Msalimie, kaa chini, umwambie, "Mzee, mashine ilikuwa nzima. Maagizo niliyaandika mimi, na niliyaandika vibaya." Usiongeze neno la kujitetea. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake.

Akimaliza, muulize kama bado atakusindikiza. Mzee aliyekuita mwanangu baada ya msimu kama ule, nadhani atakuuliza gari linaondoka saa ngapi.