Mstari Niliouita Pima Maji

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ujue kabisa kwamba mimi si mtu wa kuomba msaada, mimi ndiye huombwa. Ni fundi wa kuchomelea, mtaani wananiita Mjomba Cheche, mageti yangu hayafi, kuna moja liligongwa na lori la mchanga, lori likaburutwa kwenda gereji na geti likafunguliwa kesho yake kama kawaida, uliza yeyote. Shule niliishia darasa la sita, si kwa ujinga, ila mwalimu wa hesabu alichoka kusahihishwa. Nayasema haya ujue unaongea na nani, maana leo nina hasira mpaka kalamu imetoboa karatasi, na mkono huu haukutoboa kitu hata siku niliyochomelea tangi la mafuta likiwa na mafuta yake.

Mwaka jana nilinunua televisheni, inchi sabini na tano, si zile za kuegesha juu ya kabati karibu na maua ya plastiki. Ilibidi nikate fremu ya mlango ili iingie, kisha nikaichomelea upya, na stendi ya ukutani nikaitengeneza mwenyewe kwa chuma cha pembe, ukuta ukianguka televisheni itabaki hewani. Duka lenyewe kubwa, la vioo na kiyoyozi, binti wa kaunta akanipa karatasi akasema, “Mzee, hii ni waranti, mwaka mmoja, itunze,” nami nikamjibu kwamba mimi wateja wangu siwapi karatasi, nawapa geti. Wakacheka wote, nikaondoka nimenyooka.

Sasa mshauri, hapa naandika jambo ambalo hata mke wangu halijui. Mwezi wa kumi tangu niinunue, ukatokea mstari. Mwembamba, wa zambarau, umeshuka kutoka juu hadi chini katikati kabisa, msomaji wa habari akikaa vibaya unampasua pua. Nilijua ni ubovu, mimi ni fundi. Nilitaka kuirudisha siku ile ile, Mungu shahidi, lakini kabla sijaishusha ukutani akaingia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye mdomo kama wembe, ambaye tangu nimuoe dada yake anatafuta kitu changu kimoja tu kilichoharibika.

“Shemeji,” akasema, “huo mstari wa nini?”

“Pima maji,” nikamjibu, sijui hata neno lilitoka wapi, nadhani kwa sababu pima maji yangu ya kazini ilikuwa bado mfukoni.

“Pima maji kwenye TV?”

“Za kisasa zote zinakuja nayo. Ili ujue umeitundika sawa. Kwani yako haina?”

Akatoa simu, akapiga picha, akairusha kwenye grupu la familia akaandika, “TV ya shemeji ina pima maji yake, sisi wengine tunaishi kwa kukadiria.” Simu zikalia wiki nzima. Fundi cherehani, jirani yetu, akaja kuitazama, akarudi kwake akaikagua ya kwake akasikitika. Basi ningeirudishaje dukani na ukoo mzima umeshaambiwa ni pima maji? Nikakaa nayo hivyo hivyo miezi miwili, naangalia mpira jicho la kushoto timu hii, jicho la kulia timu ile.

Waranti ikaisha Jumatano. Ijumaa ya wiki iliyofuata, siku ya tisa, natoka karakana nimechoka, nakaa, nawasha, ule mstari ukapanuka kama mtu anafungua pazia, halafu giza. Siku tisa, mshauri! Mwaka mzima inacheka na mimi, kumbe inahesabu siku kama mfungwa!

Shemeji ndiye mwenye pikapu, kwa hiyo jioni ile ile tukaibeba wote, yeye kona ile mimi kona hii, mpaka kaunta. Binti yule yule. Akaangalia karatasi.

“Mzee, imepita siku tisa.”

“Siku tisa ni nini? Mimi geti langu la kwanza lina miaka ishirini na mbili!”

“Kabla haijazima, ilionyesha dalili yoyote? Kama tatizo lilianza ndani ya mwaka, tunaweza kuangalia.”

Shemeji yuko pale pale, ameshika kona ya TV, ananitazama. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe ukasema, “Haikuwa na kasoro hata moja.”

“Kasoro?” shemeji akadakia. “Hii? Hii ilikuwa mpaka na pima maji yake.”

“Pima maji?” binti akauliza.

“Tuondoke,” nikasema.

Sasa iko sebuleni imeegemea ukuta, nyeusi tii, kila nikipita naona uso wangu mwenyewe humo. Wale ni wezi, mshauri. Milango ya duka lao ni ya chuma ya kukunja, nimekwenda kuiangalia, imechomelewa hovyo kabisa. Nimeamua asubuhi moja kabla hawajafika niende na mashine yangu niifunge yote kwa mishono mitano, nione nani atawapa waranti. Nakuuliza jambo moja tu, niichomelee au niiache?

Mjomba Cheche

Mjomba Cheche, iache. Na hiyo mashine mpe mkeo aifungie chumbani, kwa sababu polisi hawatahangaika kumtafuta aliyechomelea. Mtaa mzima utautambua mkono wako, na wewe mwenyewe utakuwa wa kwanza kusifia ile mishono.

Hasira yako naielewa, hata mimi ilinipanda nikisoma. Kitu cha gharama kama kile kufa siku ya tisa baada ya mwaka ni kero kwa yeyote. Lakini isome tena barua yako. Yule binti hakukufukuza. Alikuuliza kama kulikuwa na dalili, alikuwa anatafuta pa kukusaidia, na wewe, baba mzima ambaye mageti yake yanashinda malori, ukasema hapana. Televisheni yako iliugua miezi miwili mbele ya macho yako, ukaacha ife ili shemeji asicheke.

Na shemeji mwenyewe unadhani aliamini? Mtu mzima, ana leseni ya udereva, aamini kwamba kiwanda kimeweka pima maji ya zambarau? Alijua tangu siku ya kwanza. Pale kaunta alipoitaja hiyo pima maji alikuwa anakurushia kamba, mjomba. Ungesema tu, “Ndiyo, kulikuwa na mstari,” mngeondoka na karatasi ya matengenezo. Ukaikanyaga kamba ukasema tuondoke!

Sasa tulia, maana dawa imo ndani ya barua yako na hukuiona. Ile picha. Iko kwenye grupu, na grupu huandika siku na saa. Mstari bila shaka unaonekana, maana ndio alioupiga picha, na waranti ilikuwa bado na miezi miwili. Kejeli ya shemeji yako ndiyo risiti yako ya pili. Usithubutu kumwomba aifute.

Andika barua kwa meneja. Fupi, mjomba, lori la mchanga lisiwemo. Ulinunua lini, mstari ulitokea lini, picha hii hapa, na kwamba ulikosea uliposema haikuwa na kasoro. Nakala moja wakugongee muhuri ubaki nayo. Wakikataa, nenda ofisi ya kutetea wanunuzi na makaratasi hayo hayo. Siwezi kukuahidi watakubali, maana uongo wako wa kaunta umewapa pa kushikia. Ila ukienda na mashine ya kuchomelea huna hata pa kuanzia.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa shemeji. Usimpigie simu, nenda kwa miguu yako. Mwambie, “Shemeji, ule mstari ulikuwa ubovu, na mimi nilijua.” Hayo tu, usiongeze geti. Atacheka. Atacheka mpaka akae chini, kisha atampigia dada yake wacheke wote wawili. Wewe simama hapo hapo, umwache amalize. Akishafuta machozi, mwambie awashe pikapu.