Uzi wa Nne Unakwaruza

Jumapili, 2 Juni

Nimekula mchana kwa wazazi. Baba alikuwa barazani na gita lake la umeme, analipiga kavu bila amplifaya, kama siku zote. Amplifaya ilifukuzwa nyumbani mwaka niliozaliwa mimi. Mama alimwambia achague kelele moja, mtoto au spika. Tangu hapo inakaa kwa Mzee Besi, aliyepiga naye bendi miaka ishirini.

Baba anafanya mazoezi. Baada ya wiki mbili kasoro siku moja, Kitinda, mdogo wetu wa mwisho, anaolewa. Baba ameahidi kumpigia akiingia ukumbini. Si wimbo wa redioni! Ni kile kiwimbo alichomtungia alipokuwa mchanga, cha kumlaza. Kitinda ameshamwonya DJ asithubutu kuweka kitu kingine.

Tatizo — gita linakwaruza. Akibonyeza uzi wa nne, zzzz, kama inzi aliyenaswa kwenye pazia. Mimi ni fundi cherehani; mashine ikitoa sauti isiyo yake sili wala silali. Nikamwambia Baba nitalitengeneza. Akasema liache, ndivyo lilivyo. Nikamwambia ni masikio yake ndiyo yamezoea. Akacheka tu. Nimeondoka nalo begani.

Jumatatu, 3 Juni

Nimefunga karakana mapema, nikalilaza gita mezani kati ya cherehani mbili za wateja. Ugonjwa nimeuona mara moja. Nyuzi ziko chini mno, karibu zilalie vile vyuma vyembamba vilivyopangwa shingoni. Kila uzi una skrubu zake ndogo za kuupandisha na kuushusha, na zote zimeshushwa hadi mwisho. Tena vichwa vyake vimekwanguliwa — mtu katumia kisu cha jikoni! Nimemsema mtu huyo peke yangu hadi nikachoka.

Nimepandisha uzi mmoja mmoja, robo mzunguko, napima kwa vile vibati vyangu vya kupimia nafasi ya sindano. Saa mbili nzima. Sasa kila uzi unalia safi, hadi juu kabisa ya shingo. Nimejisifu mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine.

Jumanne, 4 Juni

Nimelirudisha. Baba kabonyeza mara mbili, kasikiliza. "Kweli wewe fundi," akasema. Akalitundika kwenye msumari wake ukutani, tukanywa chai.

Ijumaa, 7 Juni

Gita bado liko msumarini. Mama anasema halijashushwa tangu Jumanne. Nilipomuuliza Baba, akasema anapumzisha mikono.

Halafu jioni Kitinda kanipigia simu analia. Baba amemwambia DJ awe na wimbo wowote tayari, endapo. Endapo nini? Hakusema. Kitinda anauliza kama Baba hampendi mchumba wake. Nimemtuliza, lakini mimi mwenyewe damu imenichemka. Mtu nimemtengenezea gita likawa kama jipya, na yeye ananuna! Kesho atanisikia.

Jumamosi, 8 Juni

Hakunisikia.

Nilifika asubuhi na hotuba yangu nimeipanga vizuri. Mlango wa chumba chao ulikuwa wazi nusu. Baba amesimama mbele ya Mama, kidevu juu, Mama anamfunga vifungo vya shati. Nimewaona hivyo mara nyingi. Siku zote nilidhani ni mahaba, nikawa nawacheka.

Nikamfuata Mama jikoni, nikamtania: bwana harusi wako hajui kuvaa? Hakucheka. Akasema vidole vya mkono wa kushoto vimekaza, mwaka wa pili huu. Haviminyi. Kifungo hakiwezi, kifuniko cha chupa hakiwezi. Baba kamkataza asituambie.

"Mimi nilidhani ni mapenzi," nikasema.

"Na mapenzi yamo," akasema, akaendelea kukata vitunguu.

Kisha nikaona kisu kidogo cha jikoni chenye ncha iliyopinda. Nikakumbuka skrubu. Nikakaa kwenye ndoo.

Ni yeye aliyezishusha nyuzi. Kidogo kidogo, mwaka mzima, ili ziwe rahisi kubonyeza. Na mimi nimezipandisha zote, kwa vipimo! Naye akaniambia kweli wewe fundi.

Jumapili, 9 Juni

Nimelia, basi. Imeisha.

Nimekwenda kwa Mzee Besi. Nilipomweleza kuhusu mkwaruzo alicheka hadi akakohoa. Akasema, binti yangu, wewe umelisikia gita hilo kavu tu maisha yako yote. Kukwaruza kule ni chuma kugusana na chuma. Humsumbua aliyekaa karibu. Ukilichomeka, kwenye spika hutausikia mkwaruzo ng'o. Baba amekuwa akija kwake kila Alhamisi kupiga, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Kwa hiyo kosa nililolitibu halikuwepo. Lilikuwepo masikioni mwangu tu. Na Baba angeweza kunieleza kwa sentensi moja, ila ya pili ingebidi iwe juu ya vidole vyake.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwambia Baba nilikosea vipimo, naomba gita nilirekebishe. Akasema hata wewe unakosea? Nikasema mara moja kwa miaka kumi. Akalishusha mwenyewe msumarini, akanipa kwa mikono miwili.

Jumanne, 11 Juni

Nimenunua nyuzi nyembamba kuliko zile, za kubonyeza bila kutumia nguvu. Kumbe nyuzi nyembamba haziivuti shingo sana, ikanyooka kupita kiasi, mkwaruzo ukaja kila mahali! Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma inayoinyoosha. Nimeilegeza robo mzunguko kwa kispana chake, nikaliacha litulie, ndipo nikashusha nyuzi. Nikishusha nafumba macho, najaribu kubonyeza kwa kidole changu kidogo, kile kisicho na kazi. Kikichoka, nashusha tena.

Nyuzi tano zimenyamaza. Wa nne bado. Ningeweza kuunyamazisha kwa kuupandisha nusu mzunguko tu. Nimeiweka bisibisi kwenye droo, nikaifunga.

Alhamisi, 13 Juni

Kwa Mzee Besi, Baba na mimi. Limechomekwa! Mara ya kwanza katika maisha yangu nalisikia gita la baba yangu lenyewe. Ni kama mtu uliyezoea kumsikia akinong'ona tu.

Kiwimbo kina sehemu ngumu karibu na mwisho, vidole vitatu kwa pamoja. Mara mbili kapita, mara moja vidole vimegoma.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nyuma ya kadi ya mwaliko, shajara nimeisahau nyumbani.

Asubuhi Mama alikuwa anamvalisha Kitinda. Baba kaja kwenye chumba changu cha zamani, nilimolala jana, na shati wazi. Kasimama mbele yangu, kidevu juu. "Haya, fundi," akasema. Nikamfunga, kuanzia chini. Vifungo saba. Nampenda mzee huyu kuliko ninavyoweza kuandika.

Sasa tuko ukumbini. Kanikalisha mbele, hatua mbili kutoka kiti chake. Mzee Besi yuko tayari kando ya amplifaya. DJ ana wimbo wake tayari vilevile, endapo. Milango imefunguliwa, Kitinda amesimama pale na Mama, watu wote wamesimama. Baba hajaanza. Anaukunja mkono wa kushoto juu ya goti, anaukunjua, mara ya tatu hii. Ameteremsha sauti ya gita hadi sifuri, kabonyeza uzi wa nne, kaugusa mara moja. Umekwaruza. Hapa hakuna mwingine anayeusikia. Ameniangalia, nimeitikia kwa kichwa, na sasa anapandisha sauti.