Taa ya Korido Inamkataa Mama

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na tafadhali unijibu hapa gazetini, maana sanduku letu la posta ni la ofisi ya baba. Majina niliyoandika si yetu. Mimi ni msichana wa darasa la nane hapa Mbeya, na shida yetu ni taa.

Baba ni karani, nasi tunakaa katika nyumba ya kazi iliyojengwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akichimba dhahabu, nyumba yenye korido ndefu ya giza hata mchana, na taa yake moja ina swichi mbili, moja kando ya mlango wa jikoni na nyingine kule mbele, kando ya chumba alichokaa babu, mzazi wa baba. Babu aliletwa kutoka Rungwe kwa ajili ya matibabu, na bila shaka unajua kwamba kwetu Wanyakyusa mke haonani uso kwa uso na baba wa mume wake, basi baba akaweka utaratibu kwamba anayetaka kupita koridoni awashe taa kwanza, na mwenzake akiona mwanga chini ya mlango angoje mpaka uzimike. Babu alikuwa akiwasha, anakohoa kidogo, anapita, na mama huku jikoni anageukia ukutani na kujifunika kanga hata kama mlango umefungwa, nami nilikuwa nikimcheka, naye ananiambia, "Cheka tu, Damari, na wewe utaolewa."

Mwezi wa tano babu alianguka koridoni, baba akiwa kazini na mimi shuleni, mama akasikia kishindo, akangoja mtu wa kumwita asimpate, mwishowe akatoka akamwinua kwa mikono yake mwenyewe na kumwona uso. Babu akageuzia uso ukutani. Akafariki wiki hiyohiyo. Baada ya mazishi baba zangu wadogo walitoa kitanda chake cha chuma, kikakwama mlangoni, wakakisukuma mpaka kikaugonga ukuta na plasta ikadondoka, kisha chumba kikafungwa. Sisi tunaingilia jikoni. Funguo za mlango wa mbele na za chumba kile anazo baba.

Tangu hapo taa inamkataa mama. Swichi ya jikoni juu, giza. Swichi chini, giza. Lakini jioni nyingine, ukungu ukishashuka, mama na mimi tukiwa jikoni, taa inawaka yenyewe. Tunaona mstari wa mwanga chini ya mlango, kisha tunasikia kikohozi, kilekile cha babu, na mama anageukia ukutani, anajifunika, ananinong'oneza, "Nyamaza, baba anapita," maana ndivyo anavyomwita babu. Baadaye mwanga unazimika, na mama akijaribu kuwasha, hapati kitu. Anasema babu hajamsamehe kwa kumgusa, ndiyo maana anamnyima njia.

Siku kama hizo baba hurudi amechelewa, macho mekundu, na mama akimweleza hujibu tu, "Mama Damari, taa ni taa," kisha huenda kulala bila kula.

Sasa mama amefunga mizigo arudi kwa wazazi wake Tukuyu mwisho wa mwezi, na anasema hawezi kuniacha katika nyumba hii. Mtihani wangu ni Novemba, na mwalimu wangu anaamini naweza kupata nafasi ya kusomea ualimu. Mshauri, babu amekasirika kweli? Na kama hakukasirika, nimwambie mama nini ili aamini?

Wako mtiifu,
Damari, Mbeya

JIBU

Binti, poleni na msiba. Umeandika vizuri, lakini umeniuliza mimi niliye Iringa jambo ambalo ungemuuliza mtu mnayekula naye meza moja. Tutafika huko.

Tuanze na taa. Nyumba niliyopanga mimi ina ngazi yenye swichi za namna hiyo, nazo zimenisumbua vya kutosha. Swichi mbili za taa moja hupeana umeme kwa nyaya mbili. Waya mmoja ukikatika, swichi ya jikoni itawasha pale tu ile ya mbele ikiwa imekaa upande ulio mzima. Aliye mbele akizima, amemfungia aliye jikoni. Kitanda kile cha chuma hakikuangusha plasta tu, kilikata na waya ukutani.

Kesho mchana, weka swichi ya mbele juu, rudi jikoni ujaribu ya kwenu juu na chini. Kisha iweke ya mbele chini, ujaribu tena. Upande mmoja taa itatii, upande mwingine itakataa. Mwite mama aone kwa macho yake. Halafu aitwe fundi, azime swichi kubwa ya nyumba kabla ya kufungua chochote. Wewe usiguse nyaya na kisu cha jikoni. Nawajua ninyi wanafunzi.

Lakini waya uliokatika haukohoi, wala swichi haijibonyezi.

Funguo anazo nani? Nani hurudi na macho mekundu asitake chakula? Sikuwepo, siwezi kuapa, ila watoto wa kiume wakikua hukohoa kama baba zao. Nadhani baba yako huingilia mbele, huwasha taa kwa utaratibu uleule aliouweka, na hukaa katika chumba cha babu yako kisicho na kitanda. Akishatulia huzima, huzunguka nyumba, huingia jikoni kama anayetoka kazini. Anaona haya kulia mbele yenu. Hajui kwamba kila akizima anamwacha mkewe gizani.

Mama yako alimwinua mgonjwa aliyekuwa chini. Mwenye kumwambia kwamba hilo halikuwa kosa ni mumewe, na amwambie kabla mizigo haijapanda basi.

Mama hawezi kuufungua mlango ule wa jikoni taa ikiwaka, nami simlaumu. Wewe ni mjukuu. Mila haikukuzuia kumwona babu yako akiwa hai. Basi jioni ukiona mwanga chini ya mlango, ukasikia na kikohozi, weka kitabu chini. Fungua. Simama pale taa ikumulike, useme kwa sauti ambayo mama ataisikia: "Shikamoo, baba. Chakula kiko tayari."

Kisha ngoja ajibu.