Padre Alipobariki Mashine ya Barua Pepe

Kiwanda cha Samaki,
General Santos.
15 Machi 2006

Mpendwa dada Felisa,

Salamu nyingi. Mgongo wako umepoa? Mimi mwili mzima, moyo ndio hapana. Kaburi la mama yake Marisel nimelifyeka.

Dada, nimekwama. Binti yangu Marisel yuko hukohuko kwenu Kuwait, sijui nyumba gani. Wakala aliyempeleka kamhamishia kwa bosi mwingine. Wanampiga, simu wamemnyang'anya. Huibia kompyuta ya watoto wa bosi kwa siri, anatuma kwenye barua pepe ya ofisi yetu. Karani Nenita hunisomea. Mimi nabeba samaki tu, kompyuta siijui.

Sasa kiwanda kimeacha kukodi barua pepe ya nje, kimenunua seva yake, mashine ya kutunzia barua. Barua zote zikahamishiwa humo, kule zilikokuwa zamani wakafunga. Fundi Rodel akajigamba, "Mzee, hii hata ukiwa mwezini unafungua kwenye mtandao, unasoma!"

Jumatatu ikaingia barua ya Marisel. Nenita akaanza kusoma: "Baba, usijibu. Andika anwani ya nyumba hii." Mara meneja akaita, "Njooni, padre kafika!"

Unajua kwetu, kitu kipya hakianzi kazi bila maji ya baraka. Nikamwambia Nenita amalizie. "Twende, mzee, Mungu kwanza," akasema. "Barua haina miguu hiyo."

Rodel alikuwa hajarudisha kifuniko cha seva. Nani amwambie padre angoje? Akanyunyiza. Ikalia pa, moshi, kimya. Wabebaji wakaangua kicheko: "Shetani katoka!"

Nikamshika Rodel shati. "Nakala iko wapi?"

"Ningetoa baada ya kula, mzee."

Diski za seva wamepeleka Manila. Wanasema labda hazisomeki. Mashine imekufa, ofisi ikafungua anwani nyingine, Marisel haijui. Wakala kafunga ofisi, hapokei simu.

Dada, nenda ubalozi wetu. Ijumaa, siku ya mapumziko huko, nenda kanisani, wasichana wetu wanapokusanyika, uliza mmoja mmoja. Picha yake nimetia humu. Ana kovu kidevuni. Usingoje ruhusa ya bosi wako, danganya unaumwa.

Shangazi Pacing na wanao wazima, wanakusalimu. Mungu akufunike huko ugenini.

Marisel anadhani anwani ya ile nyumba nimeshaiandika. Anakaa akisikiliza mlango.

Mdogo wako anayekupenda,
Rosauro