Sanduku Lililomtoa Sindano Kwenye Cherehani

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, baada ya chakula.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu usiye na haya,

Nani alikutuma? Nakuuliza kabla ya salamu, maana salamu nilizokuwekea zimenikaukia mdomoni.

Haya, hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama gari bovu? Mimi mzima. Magoti yananisumbua, ila mdomo haujambo, kama unavyosikia. Shule niliiacha kabla haijanizoea, kwa hiyo mwandiko wangu usiucheke. Soma tu, kila neno ni lako.

Nasema habari ya sanduku la mchango, lile uliloagiza liwekwe kwenye duka la ushonaji anakofanya kazi Sindano, mtoto wa shangazi yako. Ulisema hutaki watu wenye ulemavu waachwe nje, na wenzako wa kazini wakakupigia makofi. Basi sasa yuko mlangoni, mume wangu, jua lote lake.

Rafiki yako mwenye kamera alipokuja, alimkuta Sindano kwenye cherehani chake pale dirishani, anatia kola, hereni masikioni, gauni alilojishonea mwenyewe limemkaa sawasawa. Akasema hapana, akiwa hivi hakuna atakayemchangia. Akamvua hereni, akamvika koti la mlinzi lililochanika, akamketisha chini karibu na mtaro. Sindano alicheka, akadhani ni mchezo. Akampiga picha, miguu yake isiyotembea imetangulizwa mbele kama bidhaa.

Picha hiyo ndiyo mliyobandika kwenye sanduku. Na wewe umebandikwa pembeni yake, suti na tai, meno yote nje, uso wako mkubwa kuliko wake. Nani anayeombewa hapo, yeye au wewe?

Mwenye duka ulimwahidi fungu lake kwa kulitunza sanduku. Hakukawia kugundua kwamba Sindano akikaa kando yake, watu wanatia zaidi. Akamtoa dirishani, akamweka mlangoni juu ya mkeka. Cherehani kapewa shemeji yake, kijana ambaye vifungo vyake na matundu yake havijawahi kukutana.

Nilikwenda mwenyewe. Nikamwambia amrudishe fundi wake. Akanijibu kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa, “Bibi, kushona kila mtu anashona. Huyu Mungu kampa cha kwake.” Nikamwambia na yeye Mungu kampa shingo, ajihadhari nisije nikaipima. Wateja walicheka sana. Sindano alibaki mkekani.

Nikiwa hapohapo, akaingia mama mmoja aliyekuwa ameleta kitambaa cha harusi ya bintiye. Sindano ndiye aliyempima huyo binti, na ndiye waliyemtaka amshonee. Mama akamtazama, akaitazama picha, akasema, “Masikini, kumbe ndiye wewe!” Akamtupia sarafu mapajani, akadai kitambaa chake, akaondoka nacho.

Hilo ningelimeza. La jana limenikwama. Nimemkuta mbele ya kioo changu anajifunza kulegeza mdomo na kuinamisha shingo. Akaniuliza, “Bibi, hivi nasikitisha, au bado naonekana mzima?” Nilitaka kumpiga kofi. Nikakumbuka wa kupigwa ni nani, na yuko mbali.

Mwisho wa mwezi huu duka linahamia jengo kubwa. Watakaoandikwa kazi kule ni wale walio kwenye vyerehani. Wa mlangoni atahamishwa pamoja na sanduku, na hiyo ndiyo itakuwa kazi yake mpaka azeeke. Aliyempa kazi hiyo ni wewe.

Usinijibu kwamba nia yako ilikuwa njema. Nia yako haijui kutia hata kifungo. Kama ulikuwa na moyo wa kutoa, ulishindwa nini kumuuliza anataka nini? Angekwambia meza ishushwe kidogo, na kile kizingiti kivunjwe ili aingie na kiti chake cha magurudumu bila kubebwa kama gunia. Basi. Hilo halina picha nzuri, ndiyo maana hukuliwaza.

Shangazi yako anakusalimu, ingawa jina lako kwa sasa halitamki. Baba yako naye anakusalimu, anasema yeye hayumo. Mke mwenzangu nisalimie sana, mwambie nampa pole kwa mume tuliyempata. Mungu akulinde huko uliko, akuzidishie riziki, akuongezee na akili, aanze na hiyo akili.

Sasa sikiliza. Kesho, kabla hujanywa chai, mpigie mwenye duka. Mwambie sanduku limefungwa, fungu lake hakuna, na kilichomo hakiguswi mpaka kizingiti kivunjwe, hapa na kule wanakohamia, na Sindano awe amerudi dirishani. Ukimaliza, simama mbele ya hao wenzako wa kazini waliokupigia makofi, na tai yako hiyohiyo shingoni, uwaambie kwa mdomo wako: nilimkuta fundi, nikamfanya ombaomba.

Ni mimi bibi yako, nakupenda na fimbo ninayo.